Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za utafiti: Bonde la Rufiji linahitaji vitivo vyote

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, sayansi na teknolojia. Viongozi wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma. Na wajumbe wa kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu.

YAH: MGAWANYO WA FEDHA ZA UTAFITI VYUO VIKUU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkutubi mstaafu. Maisha yangu ya kazi niliyamalizia katika maktaba ya chuo kikuu cha umma, na kwa sehemu kubwa nilikuwa upande wa tasnifu, yale majalada meusi yenye maandishi ya dhahabu ambayo mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hana budi kuyakabidhi kabla hajavaa joho. Sina mradi ninaouombea fedha, wala kitivo kilichonituma. Ninachokijua ni kile kilichopita mikononi mwangu, nacho kilikuwa cha kila aina: minyoo ya mbuzi na mashairi ya Muyaka, uimara wa zege na mirathi ya wajane, magonjwa ya migomba, ngoma za unyago, mikopo ya vikoba, mawe ya Oldupai. Naandika kwa kuwa nahofia baadhi ya aina hizo zitakoma kuletwa, na hakuna atakayegundua mpaka siku zitakapohitajika.

Mwelekeo wa miaka hii unafahamika. Ufadhili wa Samia umewafungulia mlango vijana waliofanya vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita. Mradi wa HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga maabara na madarasa vyuoni. Haya ni mema na nayaunga mkono kwa moyo mmoja, maana nimeona maabara ambamo darasa zima linagombea hadubini moja. Haki inanitaka niseme pia kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imewapa waandishi heshima waliyoingoja kwa muda mrefu. Ila tuzo ya mtunzi wa riwaya haimpeleki mwanahistoria uwandani. Zikifika fedha za utafiti zenyewe, maneno yanayotawala ni tija, ubunifu, viwanda, bidhaa. Mhadhiri wa isimu au wa historia hulazimika kulivisha andiko lake maneno hayo ili walau lisomwe, na wengi wamechoka, hawaombi tena. Mhadhiri mmoja wa anthropolojia alinionyesha majibu aliyopewa na mfuko alioomba: mradi hauonyeshi bidhaa itakayopatikana. Alikuwa anataka kuchunguza jinsi wakulima wa mfereji mmoja wanavyogawana maji wakati wa kiangazi, ni nani anaamua zamu, na nani hunyimwa.

Naomba tuache maneno ya jumla twende mahali. Twende Rufiji.

Bonde la Mto Rufiji ndilo kubwa kuliko yote nchini. Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu huleta humo maji ya nyanda za kusini. Huko juu ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115, na tarehe 22 Desemba 2022 ndipo lilipoanza kujazwa maji. Aprili 2024 mvua zilizidi, na mafuriko yakafunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Ukiuliza bwawa ni jambo la taaluma gani, jibu la haraka ni uhandisi. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi.

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja maktaba mhandisi kijana wa maji. Alikuwa anatafuta viwango vya mafuriko ya zamani katika mto mmoja ambao kituo chake cha kupimia kina miaka mingi isiyo na rekodi. Alikuwa amepita kila ofisi aliyoweza. Nikamwuliza kama ameshasoma tasnifu za historia. Akanitazama kama mtu aliyeelekezwa duka la nguo wakati anatafuta misumari. Nikamtolea tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili aliyewahi kuwahoji wazee wa bonde hilo kuhusu miaka ya njaa, na katika viambatisho mlikuwa na maelezo yao: mwaka ule maji yalifika kwenye mwembe wa mzee fulani, mwaka mwingine yaliingia msikitini mpaka dirishani, ule mwingine hayakutoka kabisa kwenye mto. Mwembe ule na msikiti ule bado vipo, vinaweza kupimwa. Aliomba fotokopi ya viambatisho vyote na akabaki mezani hadi tunafunga.

Kwa Rufiji yenyewe hazina ya namna hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 1967 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliundwa ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi iliyojulikana kama BRALUP, ambayo leo ni Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali (IRA). Katika miaka ya 1970, wakati wazo la bwawa lilipokuwa linajadiliwa kwa nguvu, watafiti wake walikwenda kukaa Rufiji. Walipima udongo na mvua, na pia walikaa na watu wakauliza wanalima vipi, wanakula nini mto ukifurika, wanakula nini usipofurika. Mwaka 1980 ofisi hiyo ilitoa utafiti mzima kuhusu mafuriko na njaa katika wilaya hiyo. Ni machapisho ya taipureta, karatasi zimegeuka rangi, na anayeyafungua leo anapata mambo ambayo hakuna setilaiti itakayomwonyesha.

Anapata, kwa mfano, kwamba mkulima wa bondeni alikuwa na misimu miwili. Mpunga aliupanda kwa mvua, ukakua huku mto nao ukipanda. Maji yalipoondoka yaliacha tope lenye rutuba na unyevu, na juu ya tope hilo akapanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua nyingine. Hicho ndicho kilimo cha mlau. Shambani alijenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, ambamo aliwinga ndege na kufukuza nguruwe, na maji yakija akabaki juu yake. Kwa mkulima huyo mafuriko yalikuwa mbolea, na mwaka ambao mto haukupanda ulikuwa mwaka wa wasiwasi. Mpangaji asiyejua hilo atayaona mafuriko kama maafa tu, na kila mpango wake utaanzia hapo.

Ndivyo ilivyotokea. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu maeneo ya mwinuko katika kilichoitwa Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema: kuwaepusha na maji, kuwasogezea shule na zahanati. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki kule chini. Mkulima akawa anatembea mwendo mrefu kwenda kulima, na mazao yasiyolindwa usiku yakaliwa na wanyama. Wengi walirudi bondeni kila msimu, wakaishi huku na huku. Hakuna kifaa cha kupimia maji kingeweza kuwaambia wapangaji kwamba dungu lilikuwa ghala, ulinzi na nyumba kwa pamoja. Lilijulikana kwa kuwa kuna mtu aliyelipiwa nauli na posho akakae kijijini, asikilize, aandike.

Na maswali ya bwawa hayakuisha mitambo ilipowashwa. Tope litakalobaki nyuma ya ukuta halitafika tena mashambani wala kwenye delta, na delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko unaotegemea tope hilo pamoja na maji baridi. Kambamiti wa delta hukulia ndani ya mikoko. Hapo anahitajika mtaalamu wa udongo, wa uvuvi, wa misitu. Lakini mtu anayelima mlau akipoteza msimu wake wa pili, je, amepoteza ardhi? Ardhi ipo palepale, ila maji na tope haviji tena. Fidia yake inahesabiwaje? Hilo ni swali la sheria, na kitivo cha kwanza kabisa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa cha sheria. Na kijiji kinachoambiwa maji yatafunguliwa kesho kinaambiwa na nani, kwa njia gani, na kwa nini baadhi ya watu huamini na wengine wasiamini? Mhandisi anayefungua lango la bwawa anahitaji jibu la swali hilo kuliko mtu mwingine yeyote, lakini yeye hakufundishwa kulitafuta.

Rufiji hiyohiyo ilishatupa somo jingine, upande wa afya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa ufadhili wa Canada, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wahojaji walipita kaya kwa kaya. Palipokuwa na msiba walisubiri, kisha wakaenda kukaa na wafiwa na kuwauliza kwa upole marehemu alianza kuumwaje, alikuwa na homa, alikohoa, alivimba, maana wengi walikuwa wamefia nyumbani bila daktari kuandika sababu. Majibu hayo yalipokusanywa ilionekana kwamba fedha za afya za wilaya hazikuwa zinakwenda kule yaliko magonjwa yanayoua, malaria hasa. Halmashauri zikapanga upya matumizi yao, na katika muda wa miaka kama mitano vifo vya watoto chini ya umri wa miaka mitano katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Nimewasikia watu wakiutaja mradi huo kama ushindi wa takwimu. Ni kweli takwimu zilikuwapo, na udaktari, na uchumi. Lakini dodoso halijazwi na takwimu. Linajazwa na mtu anayejua kuingia nyumba yenye msiba, kukaa mkekani, kutoa pole, na kujua ni swali gani haliulizwi mbele ya baba mkwe. Huko Bagamoyo utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria. Mtoto akikakamaa na macho kugeuka, safari ya kwanza ilikuwa kwa mganga. Dawa zilikuwa hospitali, ugonjwa ulikuwa malaria, na bado mtoto hakufikishwa kwa wakati. Aliyeliona pengo hilo aliliona kwa kuzungumza na akina mama juu ya wanavyoyaelewa magonjwa, kazi ambayo katika mizani ya sasa ya bidhaa ingepata alama za chini.

Sasa nisogee kidogo kusini, kwenye vilima vya Umatumbi. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ngarambe, alikokuwa Kinjekitile Ngwale, ni Rufiji. Kwa miongo mingi vita hivyo vilisomwa kwa macho ya Wajerumani waliovizima, kwa kuwa wao ndio walioacha mafaili. Mwaka 1968 Idara ya Historia pale Mlimani, wakiwamo Gilbert Gwassa na John Iliffe, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza waende sehemu mbalimbali za nchi zilizopigana, wakawahoji wazee kwa lugha zao. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 vita vilipoanza alikuwa na miaka 73. Aliyekuwa kijana wa kushika mkuki alikuwa anakaribia 90. Kazi ile ingeahirishwa miaka 20 isingefanyika tena kamwe, hata kwa fedha zote za Benki Kuu. Leo kila mtoto wa Kitanzania anayesoma Maji Maji darasani, anasoma kitu kilichoguswa na daftari za wanafunzi wale.

Hili ndilo ninaloomba mlitafakari kuliko mengine yote katika barua hii. Mashine ya maabara ikikosekana mwaka huu inaweza kununuliwa mwaka kesho. Itakuwa hasara, lakini inafidika. Mzee akifa, lugha ikinyamaza, jalada la mahakama ya mwanzo likiliwa na mchwa, hakuna bajeti ya mwaka kesho itakayovirudisha. Kwa hiyo mizani inayopima maandiko yote kwa kigezo kimoja haimwonei mwanahistoria peke yake. Inafanya maamuzi yasiyofutika kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa.

Tazameni lugha. Pwani ya Rufiji na Kibiti watu walizungumza Kindengereko, na vijana wao sasa wanazungumza Kiswahili. Nakipenda Kiswahili na sina ugomvi nacho. Lakini maelezo ya kina ya sarufi ya Kindengereko yalitoka Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, mwaka 2013, kwa kazi ya mtafiti wa huko. Namshukuru kwa dhati. Naumia kwamba mwanafunzi wa Kibiti anayetaka kuendeleza kazi hiyo katika chuo chake mwenyewe hana dirisha la kuombea hata nauli ya kwenda nyumbani kwao kurekodi bibi zake. Tazameni akiolojia: Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika eneo la delta na kupata shanga za kioo za zama za Warumi, ushahidi kwamba pwani hii ilikuwa kwenye biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya kuta za Kilwa kujengwa.

Na tukishafika Kilwa, upo mfano mpya ambao wanasayansi wenyewe wanaupenda. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya Waswahili na maeneo ya jirani, Kilwa na Songo Mnara wakiwamo, Mtwapa na Manda upande wa Kenya. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000 watu wa mwambao walichanganya damu ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa wanawake, na ya Asia, iliyotoka hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Maabara ilitoa asilimia. Lakini asilimia zile zingebaki tarakimu tupu kama pasingekuwapo watu waliokwisha kuisoma Tarikhi ya Kilwa na habari zake za Washirazi, wanaisimu waliokwisha kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na wanasayansi ya jamii walioandika jinsi nyumba na mali za mwambao zilivyoshikwa na wanawake. Maswali yaliyopelekwa maabara yalitungwa na taaluma hizo.

Waheshimiwa, msinielewe kwamba nawatetea wanahistoria dhidi ya wanasayansi. Kigezo cha bidhaa kinawaumiza wanasayansi vilevile, wale wanaochunguza jambo kwa kutaka kulielewa kwanza.

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, walikuwa wakiwatega panya mashambani, wakiwapima uzito, wakiwatia alama, kisha wakiwaachia na kuwatega tena. Walitaka kujua kwa nini mwaka mmoja panya hufurika wakamaliza mahindi na mwaka mwingine wasionekane, na mvua inahusikaje. Ujuzi huo wa panya uliokuwa umekusanyika katika vyuo hivyo viwili ndio ulioifanya APOPO, shirika lililoanzishwa na Wabelgiji, kupata makao SUA mwaka 2000. Panya buku waliofundishwa Morogoro wamenusa mabomu ya ardhini Msumbiji, Angola na Cambodia. Mmoja wao, Magawa, aliyegundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Cambodia, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Wengine wananusa makohozi na kuwaonyesha wagonjwa wa kifua kikuu ambao hadubini iliwapita. Ni kamati gani ya mwaka 1987 ingeandika katika safu ya matokeo yanayotarajiwa: kuondoa mabomu Cambodia?

Au mwani. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka pwani yetu akikusanya magugu ya bahari, akiyatambua na kuyaandika. Kilimo cha mwani cha biashara kilishika Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Leo ukifika huko wakati wa bamvua, maji yanapokauka mbali, utawakuta wanawake wameinama mpaka kiunoni katika madimbwi ya chumvi, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi, na wanatazama jua maana bahari haingoji. Joto la bahari limepanda, na mwani wa bei nzuri, cottonii, unaugua na kufa kwenye maji ya kina kifupi. Dkt. Flower Msuya, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar, amefanya kazi miaka mingi na akina mama hao kutafuta namna ya kuupanda kwenye kina kirefu zaidi. Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka kujua kuogelea, na wengi wa wanawake hao hawakufundishwa kuogelea. Basi suluhisho la baiolojia limegota kwenye swali la malezi ya mtoto wa kike, umiliki wa vyombo na mila za pwani. Mpelekeeni swali hilo mwanabaiolojia peke yake, atawarudishia nusu ya jibu.

Nirudi kwenye fedha, kwani ndizo zilizonifanya niandike. TEHIP ililipwa na Canada. Mradi wa Lugha za Tanzania, uliotoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, ulilipwa na Sweden. Panya, Ubelgiji. Nawashukuru wote. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID tuliona jinsi kazi ya miaka inavyoweza kusimama kwa barua pepe moja kutoka ng'ambo. Mfadhili huja na maswali yake, na ni haki yake, fedha ni zake. Maswali yanayotuhusu sisi tu, kama historia ya kata fulani au mgogoro wa mfereji fulani, hayana mfadhili mwingine duniani zaidi yetu. Afrika iliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti katika Mpango wa Lagos mwaka 1980, ikarudia ahadi hiyo Khartoum mwaka 2006. Hatujaifikia. Tunapoelekea Dira ya 2050 naomba tuifikie, na katika kuifikia tugawane kwa akili.

Ninayoomba yanatekelezeka. Kwanza, katika mfuko wa taifa wa utafiti lifunguliwe dirisha la pekee kwa historia, lugha, fasihi, sanaa, falsafa na sayansi jamii, na jingine kwa sayansi ya msingi, kila moja likiwa na wahakiki wanaotoka katika fani hizo. Si haki andiko la fonolojia kuhukumiwa na mtaalamu wa vyuma, kama ambavyo si haki la vyuma kuhukumiwa na mshairi. Fedha zenyewe ziwe ndogo na nyingi. Kazi kubwa ya uwandani katika taaluma hizi ni nauli, posho, kinasa sauti na miezi michache ya kuishi na watu. Kiasi kinachonunua kifaa kimoja cha maabara kinaweza kuwapeleka uwandani wanafunzi wengi wa uzamili.

Miradi mikubwa ya taifa, mabwawa, reli, bandari, bomba la mafuta, ifungamanishwe na vyuo. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira na jamii ziwekwe katika maktaba za vyuo vikuu, zote, bila kumngoja mtu aandike barua ya kuomba. Nimehudumia wanafunzi waliozunguka ofisi moja hadi nyingine kwa miezi kutafuta ripoti iliyolipiwa na fedha za umma. Na watafiti wa fani mbalimbali wapewe nafasi ya kufuatilia maeneo hayo kwa miaka 10 au 15 baada ya utepe kukatwa, maana mengi hutokea baadaye.

Kuhusu vibali niseme kwa ufupi, wenye uzoefu wanajua. Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, ishuke kwa mtendaji wa kata, ifike kijijini, na kila ngazi ina siku zake. Likizo ya mwanafunzi huishia njiani. Kibali kimoja kinachotambuliwa na ngazi zote kingeokoa tafiti nyingi bila kugharimu shilingi.

Na wenye vijiji warudishiwe. Tasnifu karibu zote nilizozipokea, nje ya zile za Kiswahili chenyewe, zilikuwa za Kiingereza. Mzee wa Utete aliyehojiwa siku nzima hana njia ya kujua aliandikwaje, wala mjukuu wake. Vyuo vidai kutoka kwa kila mtafiti muhtasari wa kurasa tano kwa Kiswahili, unakiliwe na kupelekwa ofisi ya kijiji na shule ya sekondari ya kata. Na mhadhiri anayeandika kwa Kiswahili katika jarida lenye wahakiki ahesabiwe sawasawa na mwenzake wakati wa kupandishwa cheo. Machapisho ya zamani, yale ya BRALUP na mengine ya aina yake katika kila chuo, yapigwe picha na kuwekwa mtandaoni kabla karatasi hazijavunjika. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki ijayo, wakutubi wapo na wanajua yalipo.

La mwisho ni la haraka. Mrufiji aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati wa mafuriko ya 1968 sasa anakaribia miaka 80. Anakumbuka maji yalifika wapi, alihamishwa vipi, mlau ulilimwaje kabla na baada. Kila atakayeendesha bwawa lile kwa miaka 50 ijayo atahitaji kumbukumbu hizo, na waliobaki nazo wanapungua kila mwaka. Tengeni fungu dogo mwaka huu wa fedha. Watumwe wanafunzi wa historia, uhandisi wa maji, isimu, kilimo na sheria, wawiliwawili kutoka fani tofauti, wakae Utete, Ikwiriri, Muhoro na vijiji vya delta, warekodi kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na nakala zibaki maktaba na wilayani. Dirisha la maombi lifunguliwe mapema, vibali vitolewe kwa pamoja, ili likizo ndefu ijayo iwakute wako tayari kuondoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkutubi mstaafu
Morogoro